Njuga Chini ya Benchi

Benchi ni la manispaa ya Etterbeek, huku ughaibuni, lakini tangu lilipofungwa kwa skrubu hapo kituo cha basi hakuna mtu wa manispaa aliyelikalia. Kila Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri lina wenyewe. Kuna Kassimu wa Bujumbura, mlinzi wa mlangoni kwenye ofisi moja ya mtaa wa Schuman, aitwaye Protocole kwa kuwa ameona misafara mingi ya wakubwa ikipita. Kuna Anaclet wa Bukavu, anayesukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini huko Woluwe; huyo ni Docteur, na jina hilo hajawahi kulikataa. Na kuna Hamadi, aliyekuwa fundi viatu mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ndiyo maana wanamwita Semelle, yaani soli. Thermos ya kahawa ya tangawizi ni yake. Siku hiyo alikuja pia na mfuko wa kitambaa, akausukuma chini ya benchi kwa kisigino, na kila aliposogeza mguu kitu kililia ndani.

Habari ya kijiwe ilikuwa binti yake, Warda. Saa kumi na moja jioni hiyo angecheza mbele ya Rais wa India aliyekuja ziarani, katika ukumbi ulio karibu na Schuman. Ni ile dansi ya kale ya Kihindi, ya macho, vidole na miguu, aliyofundishwa tangu ana miaka minane na mama mmoja wa Kihindi wa mtaa wa pili. Sasa ana kumi na tisa.

— Bon, Protocole akaanza. Wahindi wako zaidi ya bilioni. Wakose muchezaji mpaka wachukue mutoto wa Buyenzi? Hapo kuna siri.

— Siri gani? Hamadi akauliza, akimmiminia kahawa.

— Vidole! Ile dansi vidole vinasema. Ukikunja hivi, ni ua. Hivi, ni samaki. Alors, nani anajua kama hatakunja vingine, Rais asome, kesho mukataba usainiwe? Penye wengi hapaharibiki neno.

— Sasa hiyo methali inaingia wapi?

— Inaingia tu. Nipe sukari.

Docteur alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma, kama kawaida yake anaposikia watu wasiosoma.

— Munadanganyana. Ile ni dawa. Unapiga muguu chini, damu inapanda ku kichwa. Rais anasafiri sana, moyo yake imechoka. Ataangalia mutoto, na damu yake itaamuka. Njo maana banacheza miguu butupu. Wahenga walisema, mukono mutupu haulambwe.

— Hiyo ni mukono, Docteur, Protocole akadakia.

— Mukono, muguu, yote iko ku mwili.

Hamadi akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Protocole hakukubali kushindwa.

— Donc Rais akipona?

— Akipona, ataacha dawa yake huku? Atamupandisha ku ndege. Batamupa nyumba, batamupa jina ya Kihindi. Aller simple, Semelle, kwenda bila kurudi. Utamuona ku televizyo.

Hapo kicheko cha Hamadi kikakatika. Wenzake walidhani ni mzaha, na ulikuwa mzaha, lakini ulimchoma pale pale alipokuwa na kidonda. Miaka kumi na moja alikuwa akimwona mtoto wake akienda mbali bila kutoka nyumbani. Warda alijua majina ya miungu ya watu, alikula kwa mwalimu, alipangusa machozi kwa mwalimu. Mtoto akifanya mazoezi sebuleni, Hamadi alisema neno moja tu: polepole, Warda, jirani wa chini atagonga dari. Hakuwahi kwenda kumtazama hata mara moja. Alisema ni kazi. Ukweli ni kwamba aliogopa kukaa kwenye kiti na kugundua kuwa mtoto hamhitaji tena.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Ilikuwa mara ya nne. Hakuipokea; alijua ni Warda, na kwamba atamwita ukumbini. Akasogeza mguu, na chini ya benchi kitu kikalia tena.

Basi likapita bila kusimama, likimwacha kituoni mama mmoja aliyevaa nguo nyeupe ya kazi chini ya koti. Alikuwa Lucienne, mtunza wazee, mgeni mtaani. Akaketi pembeni, akapewa kikombe, akasimuliwa yote: vidole, damu, ndege. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akainama.

— Papa, ni nini inalia hapa chini?

— Njuga za mutoto, Hamadi akajibu. Za kufunga miguuni. Mukanda ulikatika juzi, akaniomba nimushonee.

— Na umeisha kushona?

— Tangu asubuhi. Uzi wa nta, mara mbili, kama sandali za Buyenzi.

— Ni za huyu mutoto mwenye atacheza leo?

— Zake.

Lucienne akanywa kahawa kidogo.

— Sasa kama njuga ziko hapa, yeye atacheza na nini?

Watu waliojua siri za mikataba na mwendo wa damu ya Rais wakainama kuuangalia mfuko.

— Ni saa ngapi? Hamadi akauliza.

— Seize heures dix, akasema Lucienne. Saa kumi na dakika kumi.

— Haraka haraka... Protocole akaanza, halafu akaona aibu, akainua thermos amalizie. Yalitoka matone mawili.

Simu ikatetemeka kwa mara ya tano. Hamadi akaipokea.

— Papa! Uko wapi?

— Niko njiani.

Alikuwa bado amekaa. Kwa kuwa hakutaka kumpa mtoto uongo siku kama hiyo, akasimama palepale, akaunyakua mfuko, akaanza kutembea kuelekea Schuman. Njuga mia moja za shaba zikalia barabara nzima. Nyuma yake Protocole alikuwa akipiga kelele kwamba anajua njia ambayo polisi hawajaifunga kwa ajili ya msafara wa Rais, na Docteur alimfuata akiwa ameshika kikombe kitupu.

— Papa, nimekuwekea kiti cha mbele, koti langu liko juu yake, Warda alikuwa akisema. Mshono utashika? Leo sakafu ni ya mbao, na kuna kupiga kwingi.

Hamadi akaongeza mwendo.

— Piga kwa nguvu zako zote, mwanangu. Uzi ni wangu.