Mhandisi Paskazia Masalu na Mwaka wa Kwanza Alioupigania

Marehemu Mhandisi Paskazia Masalu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1972, Songwa, wilayani Kishapu, mtoto wa pili wa Mzee Masalu na Bi. Philomena. Alisoma shule ya msingi hukohuko, sekondari Shinyanga mjini, akahitimu uhandisi wa madini Dar es Salaam mwaka 1998. Kwenye grupu la ukoo ndiye aliyekuwa anasahihisha herufi za watu, hata kwenye matangazo ya misiba. Wasifu huu tumeupitia mara mbili, kwa woga.

Alifanya kazi migodini, kisha akaenda kufundisha chuo kimoja cha uhandisi Geita. Mwaka 2001 alifunga ndoa na Benjamini, kanisani Ushirombo. Bibi harusi alichelewa kwa sababu alisimama kumwelekeza fundi wa jenereta.

Mwaka 2022 chuo kiliunganisha hesabu, fizikia na michoro ya mwaka wa kwanza kuwa somo moja, linalofundishwa kupitia kazi halisi. Shangazi yetu Paskazia akapewa jukumu la kupima kama mpango huo unafaa. Alama za mitihani zilishuka. Yeye akawaita wanafunzi mmoja mmoja, akawauliza duara ni nini. Wa mpango wa zamani walimtajia kanuni ya nusu kipenyo. Ghati, wa mpango mpya, akamuuliza, "Madam, la kwenye daftari au lile shimo la kuchimba dhahabu?"

"La dhahabu."

"Basi niambie kwanza, matimba, yale magogo yanayoshika kuta, ni mazima? Na chini kuna watu?"

Mwalimu mwenzake akacheka. "Paskazia, huyo hesabu kapata thelathini na nane."

"Najua, nimeandika kwenye ripoti. Tumwongezee vipindi vya hesabu. Ila hilo swali lake msimnyang'anye."

Novemba 2024 aligundulika ana saratani ya ini. Alikuwa amejiandaa kwenda mwenyewe kuutetea mpango kwenye kikao cha chuo, Juni 2025, lakini miguu ilikuwa imevimba, hata viatu haviingii. Wajumbe wakasoma ukurasa wa alama tu katika ripoti yake, wakapiga kura. Benjamini alimwambia ukweli, maana huyu mama alikuwa hadanganyiki.

"Mama Rhoda, wameufuta."

Akauliza, "Ghati na wenzake wameambiwa?"

"Bado."

"Wasije wakaambiwa wao ndio wamefeli."

Alifariki tarehe 3 Julai 2025, hospitalini Mwanza.

Ameacha mume, watoto wawili, Rhoda na Eliya, mama mzazi, ndugu wanne, na wanafunzi wa madarasa matatu ambao hawatapata wadogo wa kusoma walivyosoma wao.

Mungu ampe pumziko ambalo mwenyewe hakujipa. Wajumbe wa kikao mlioketi hema la mbele, tukishazika karibuni chakula. Kwake hakuna aliyewahi kuondoka na njaa, hata aliyempinga.