Elinami na Majina ya Chumba cha Leza

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2014, Ndugu Elinami Pallangyo anakabidhi funguo za chumba cha leza baada ya miaka ishirini na minane katika karakana yetu ya vito. Alianza mwaka 1986 kwenye jiwe la kunolea. Milango ya biashara ilipofunguliwa na mashine zikaanza kuingia, wengi wetu tulizikwepa. Yeye aliomba mwongozo akausome kwao Nkoaranga, akaurudisha una madoa ya kahawa.

Leza, mashine ya kuchora vito kwa mwale wa mwanga, ilifika 2005. Hupiga kwa mapigo mafupi mno, hata tanzanaiti haipati muda wa kushika joto ikapasuka. Kazi ngumu ni kuuumba mwale, maana ukiuacha ulivyo, katikati unachimba na pembeni unaparuza. Elinami alipanga vioo mpaka ukatandazika sawasawa kama kitako cha sufuria. Namba alizochora kwenye vito hazionekani bila hadubini, na wateja walidhani tunawadanganya mpaka wachungulie.

Ubaya ni kwamba mwale wenyewe nao hauonekani. Jicho linapofuka na hukuona kitu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha aliita jina la kila mmoja, nasi tuliitika tukiwa nyuma ya mstari mwekundu. Tulimtania kuwa ni mwalimu wa zamu. Fundi mwenzake, Romanus, alipofariki 2009, Elinami hakumfuta kwenye orodha. Alimwita, akasubiri kidogo, ndipo akawasha. Nakiri, kimya kile nilikichukia.

Asubuhi moja ya Machi 2011 aliita majina: la Nusura, fundi mwenzetu, langu, kisha la Romanus. Nyuma ya mashine sauti ikaitika, "Nipo." Tuliisikia sote watatu. Elinami aliondoa mkono kwenye swichi, akaenda kuangalia. Hapakuwa na mtu. Kioo kimoja kilikuwa kimelegea na kugeuka, kikielekea usawa wa uso wa Nusura, ambaye alikuwa amevua miwani ya kukinga ili aifute. Elinami alikikaza, akarudi, akaita majina upya. Safari hii Romanus hakuitika, na kazi ikaendelea.

Asante kwa macho yetu, Mzee Elinami. Ya Nusura ni mazima kiasi kwamba hakuna doa la shati lako linalompita. Nenda ukapumzike na migomba yako, uwe na afya na usingizi mzuri. Jina lako limebaki kwenye orodha, chini ya la Romanus, kwa sababu Nusura, anayepokea funguo zako, amekataa lifutwe. Jumatatu ataliita. Tunakuomba, usiitike.