Ukurasa wa Saba wa Bi Asumpta

Alhamisi ya tarehe 25 Juni, watoto wakishachukuliwa wote, Bi Asumpta Mwende atatundika aproni yake ya kijani kwenye msumari ule ule wa siku zote, na hataivaa tena. Ametumika miaka ishirini na sita: kumi na mmoja Jeddah, kumi na mitano hapa Riyadh. Hakuna kati yetu aliyekuwepo alipoanza. Hata friji haikuwepo.

Alitoka Mwala, Machakos, kwenda Jeddah kufanya kazi za nyumbani. Madam wake alipofungua kituo cha kulea watoto karibu na mtaa wa Balad, alimtoa jikoni akamweka mkekani, katikati ya watoto, na hapo ndipo alipoonekana ni mtu wa aina gani. Kituo kilipohamia hapa Riyadh, mtaa wa Al-Murabba, lori moja lilibeba vitanda, meza na Bi Asumpta. Mwenyewe husema vitanda ndivyo vilivyofungwa vizuri.

Alikuja pia na kitabu. Alikipata Balad, kwenye rundo la vitu vikuukuu mbele ya duka la vyombo, na mpaka leo hakuna anayejua kimeandikwa kwa lugha gani. Tumewaonyesha Waarabu, Wafilipino, hata mzazi mmoja mhandisi aliyesomea Ulaya. Mafi, hakuna. Basi Bi Asumpta akasoma picha. Mvulana anaingia msituni na ngoma, anataka wanyama waje wacheze naye. Anapiga, anaita, anawafuata, na kila ukurasa ni mikia tu inayopotelea vichakani. Ukurasa wa sita anaiweka ngoma chini, anakaa juu ya gogo. Ukurasa wa saba hauna neno wala mnyama. Ni miti, na mtoto amekaa.

Hapo Bi Asumpta hunyamaza. Na si kunyamaza kidogo.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilidhani amesinzia. Nikamwonea huruma, umri nao ni umri, nikanyoosha mkono nikamfunulia ukurasa wa nane, ambapo digidigi, nungunungu na kima wamemzunguka mvulana. Watoto ishirini walinigeukia kama mtu aliyemwaga uji. "Mafi, tiicha, mafi! Bado hawajafika!" Bi Asumpta akaurudisha ukurasa polepole, wala hakunitazama. Ikabidi tungoje upya.

Tangu siku hiyo nilitaka sana kujua anangoja nini. Anasali? Anahesabu? Nilimchungulia mdomo, hautikisiki. Fred, dereva wetu, alisema huyu mama anangoja mpaka friji izime. Risper wa jikoni akasema hapana, ni mpaka mguu wa mwisho uache kucheza. Siku moja madam mwenyewe aliingia na wageni, viatu vikigonga sakafu, kwenye ukurasa huo huo. Bi Asumpta alimwonyesha mkeka kwa kidole kimoja. Madam akakaa, na abaya yake na mkoba wake. Wageni nao wakakaa.

Jibu nililipata kwa njia ngumu. Binti yangu Terry alibaki Kenya kwa nyanya yake miaka miwili, ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, ikitusumbua. Alipofika alikuwa na miaka minne, akanisalimia kama mgeni: alinipa mkono. Wa kuitwa mama alikuwa nyanya, kwenye simu. Nikamletea doli, nikamletea peremende, nikacheza densi jikoni kwangu kama mwendawazimu. Nikinyoosha mikono, anaingia nyuma ya pazia. Asubuhi moja, hapa kituoni kwenye rafu ya viatu, nilikuwa namvuta anikumbatie kabla ya kuingia darasani, mimi nimechoka, yeye ameng'ang'ania mlango. Bi Asumpta akaona.

"Mama Terry, weka ngoma chini."

Nikamwambia mimi sina ngoma.

"Unayo. Tena inasikika mpaka Batha."

Akanikalisha mkekani, mgongo ukutani. Akanikataza kumwita mtoto, kumfuata kwa macho, hata kumtabasamia. Wiki tatu nilikaa hivyo kila saa ya hadithi, na nyumbani nikakaa hivyo zuliani, mpaka mume wangu Julius akauliza kama naumwa. Halafu siku moja, tukiwa ukurasa wa saba, nikasikia kitu chepesi kimetua begani. Kilikuwa kichwa cha Terry. Sikugeuka. Bi Asumpta alituangalia juu ya miwani, akapeleka macho mkeka mzima, akarudi kwetu. Ndipo akafunua. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anamngoja yule aliyekaa mbali kuliko wote.

Amefundisha wasaidizi kumi na wanne, mimi nikiwa mwenye papara kuwashinda wote. Watoto wake wa kwanza wa Jeddah sasa wana watoto wao, na wawili kati ya hao wako darasani humu.

Sasa nina neno moja la ukali, na Bi Asumpta alivumilie. Wiki iliyopita alimwambia Risper kwamba wajukuu wake watatu kule Mwala wanamjua kwa simu tu, kwamba amejaza masanduku mawili ya zawadi, na kwamba anaogopa watamkimbia. Anaogopa! Yeye!

Bi Asumpta, weka ngoma chini. Kitabu tumekitia kwenye mkoba wako, chini ya shuka, na usijaribu kukirudisha. Sisi ukurasa wa saba tunauweza bila karatasi. Ukifika, masanduku yasifunguliwe kwanza. Tafuta mkeka, ukae.

Asante kwa miaka ishirini na sita ya kutungoja, mmoja mmoja. Nenda salama, uishi vizuri kwako, upumzishe hiyo miguu. Terry anakusalimu. Na wajukuu wakikawia, usihuzunike. Bado hawajafika tu.