Gari la Signe Lisiinuliwe Bila Dale

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Marlys, wewe kaa upande huu wa dirisha, na Dale akae upande ule, na kama hamtaki kutazamana msitazamane, mmeshaweza kukaa hivyo kwenye harusi na mazishi ya watu, hata leo mtaweza. Signe, mjukuu wangu, kaa hapa miguuni pangu. Muuguzi ameshanichoma sindano, maumivu yametulia kidogo, na nataka niseme lililo moyoni kabla dawa haijanilaza.

Nyumba hii ni ya Marlys. Msitu ule mdogo wa nyuma pamoja na bafu la mvuke alilojenga baba yangu ni vya Dale, na naomba asimuuzie mtu wa mbao hata akibembelezwa namna gani, ile misonobari ni mirefu kwa sababu kuna watu waliiacha. Hayo yako kwa wakili, yamekwisha. Nililowaitia haliko kwa wakili.

Nimesikia Signe amenunua gari kuukuu, breki zinapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa, na Jumamosi anataka kwenda kuliinua kwa jeki azitengeneze peke yake nyuma ya nyumba ya rafiki yake, kwa kuwa mama yake amekataza gari lolote lisiinuliwe hapa. Usimkazie macho mtoto, Marlys, si yeye aliyeniambia. Alikuwa kwenye simu pale dirishani akidhani nimelala. Mtu akiwa anakufa kila anayeingia anadhani amelala, basi husikia mengi.

Najua kwa nini unakataa. Mumeo alikufa chini ya gari katika uwanja huu huu, na mtoto huyu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Lakini huko nyuma ya nyumba ya rafiki ni nyasi na matope, Signe hana mtu wa kumwonyesha, na kukataza kwako hakumzuii, kunampeleka tu mahali ambapo hakuna atakayesikia akipiga kelele. Siwezi kufa nikiliacha jambo hilo lilivyo. Kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho habari ya Vern. Nilijaribu kukueleza siku ya maziko, ukaweka sahani chini ukatoka. Nikajaribu tena kwa simu, ukasema namkinga mwanangu wa kiume, ukakata. Leo kaa.

Ilikuwa Aprili, theluji inayeyuka, ardhi imelegea. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu ilikuwa imelila bomba la moshi la gari la Vern, akaamua kulibadilisha. Stendi za chuma za kukalishia gari zilikuwa kwa Dale, alikuwa ameziazima, basi Vern akainua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya matofali ya saruji. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma na mguu wangu wenye bandeji, siwezi kusimama. Nikamwambia, "Vern, tofali hilo lina matundu, halikutengenezwa kubeba chuma." Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, ndiyo maana tulimpenda.

Dale akafika na stendi mkononi. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Shemeji, hizi hapa, toka kwanza niziweke." Vern akajibu kutoka chini, "We Dale, una wasiwasi kama bibi harusi. Nimebakiza bolti moja." Dale akamwambia, "Bolti haikimbii. Toka." "Moja tu, bwana." Dale akapiga magoti mwenyewe, akaanza kusukuma stendi ya kwanza chini ya gari, na mkono wake ulikuwa humo ndani tofali lilipopasuka. Halikuinama wala kulia, lilipasuka kama sahani, gari likamwangukia Vern.

Hakukimbia, Marlys. Alivuta ubao kwenye rundo la kuni akauweka chini ya jeki, kwa sababu tope lilikuwa linaimeza, akapandisha gari polepole, akaweka stendi, akamwinamia Vern. Vern alikuwa bado anaongea. Mimi nilikuwa mbali, niliona midomo tu. Ulipofika ukitoka kazini jikoni mwa shule, na aproni yako, uliona stendi na uliona mikono ya Dale ina matope, ukamuuliza, "Hizi stendi zilikuwa wapi?" Akakujibu, "Nilikuwa nazo mimi." Hakuongeza neno, na mpaka leo hajaongeza.

Dale, sasa zamu yako. Mwambie dada yako Vern alikwambia nini.

Usitazame sakafu. Mwambie yeye, mimi ninaondoka.

Kwa sauti, mwanangu.

Umesikia, Marlys? Amesema Vern alimwambia, "Usimwambie Marlys kwamba uliniletea, atanikasirikia maisha yake yote." Hata mimi ndiyo kwanza nayasikia maneno hayo leo. Kumbe ndiyo yaliyomfunga mdomo. Hasira ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekufa, basi mdogo wako akaibeba yeye, ukampa yote, na hakurudisha hata kidogo.

Lia tu. Signe, mpe mama yako kile kitambaa.

Anauliza nini? Kama alisema lingine? Mjibu, Dale.

Vern aliuliza kama umeshatoka kazini. Basi. Ndivyo alivyosema.

Sikwambii umsamehe Vern leo, wala sikwambii umkumbatie Dale mbele yangu ili mzee afe ameridhika. Nakwambia jambo moja tu, gari la Signe litainuliwa hapa, kwenye saruji ya mbele ya gereji, siyo kwenye nyasi, na mjomba wake atakuwa amesimama pembeni. Signe, nisikilize. Handbreki kwanza, gia mahali pake, kisha kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Nati zilegeze gari likiwa bado limekanyaga ardhi, usije ukaing'ang'ania spana gari likiwa angani. Tafuta pale chuma kilipo kinene, mjomba wako atakuonyesha, na ukwangue kutu kwa bisibisi, kikitoboka hapo si mahali, maana magari ya huku yameoza chini na jeki hupenya kama kidole kwenye mkate. Jeki kazi yake ni kuinua, haikuwekwa kushikilia mtu. Literemshe likae juu ya stendi, kisha lisukume kwa nguvu, ulitikise kama unamwamsha mlevi. Likicheza, teremsha uanze upya, hata kama umechoka, hata kama Dale amenuna. Gurudumu utakalolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Na mtu akikwambia toka, toka. Usimjibu kwanza, toka.

Stendi ni zako. Jeki pia. Zimo gerejini nyuma ya mapipa, Dale alizirudisha, na tangu siku ile hakuna aliyezigusa.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Dawa inakuja sasa. Nilitaka kusema pia habari za mbwa wangu, lakini mtajua wenyewe. Jumamosi msiahirishe kwa ajili yangu. Mkiwa mnanizika siku hiyo, gari lifanyeni asubuhi, watu wa mazishi watangoja, breki mbovu hazingoji mtu. Nizikeni karibu na mama yenu, upande wa barabara, yeye hakupenda kelele.

Mungu awafikishe kila mnakokwenda. Awape... awape mkono wa kuwavuta mkikwama. Signe, uishi uzeeke, uwe na meno mabaya kama mimi. Dale, mwanangu, umebeba muda mrefu, weka chini. Marlys, binti yangu wa kwanza, wewe... wewe ulikuwa na haki ya kuuliza.

Sioni vizuri. Nani amezima taa? Hapana, iacheni.

Nipeni mkono. Wowote. Huu wa nani? Una ubaridi... Na huu mwingine? Msiniambie. Iacheni hapo yote miwili.