Kamanda Kagoma Kula

Wiki ile ya Idi kubwa, kijiwe cha kahawa cha Ismaili pale Kivinje kilikosa raha. Kamanda, mbwa wa Stefano, alikuwa chini ya benchi, hali, hanywi, anatapika tu. Kila mara alilaza kifua chini, akabinua makalio juu, akaganda hivyo hivyo. Roho ya Stefano ilikuwa mkononi. Bila Kamanda, mihogo yake ya shambani Miteja ingekuwa mali ya nguruwe pori. Lakini mihogo ni mihogo tu. Alimpenda yule mbwa.

— Huyo anataka kucheza, alisema Haruna, waliyemwita Profesa kwa kuwa hakuwahi kukosa jibu. — Akibinuka hivyo, anakwambia njoo tukimbizane.

— Anacheza huku anatetemeka? Stefano alimkata.

— Karogwa na nguruwe, alidakia Abdulrahmani, yaani Redio. — Wamechoka kufukuzwa kwenye mihogo yako.

— Nguruwe anaroga?

— Wa Miteja? Usiwachukulie poa, ndugu yangu!

Ismaili alijaza vikombe. — Mimi naona ni upepo wa bahari. Umemwingia tumboni, sasa anaufungulia mlango wa nyuma.

— Mpe supu ya mbuzi yenye mafuta yake, Profesa aliamua. — Tumbo lilainike.

— Na diklopa mbili za maumivu, Redio aliongeza, akizitoa mfukoni.

Stefano akanyoosha mkono. Mwenye mgonjwa hupokea chochote.

Hapo bodaboda ikasimama, akashuka Grace, daktari wa mifugo ambaye Stefano alimpigia simu asubuhi.

— Shikamooni. Kaka, rudisha hivyo vidonge! Dawa ya watu inaweza kumuua.

Alimbonyeza Kamanda tumboni. Kamanda akalia, na Stefano akafumba macho.

— Hachezi huyu, anaumwa. Anabinuka apate nafuu ya tumbo. Nashuku kongosho limevimba, kile kiungo kinachosaidia kusaga chakula. Mara nyingi mbwa hupatwa na hivi akishindilia mafuta. Namtundikia dripu, nampa sindano ya maumivu na ya kuzuia kutapika. Akianza kula, wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, kidogo kidogo. Mafuta marufuku.

— Atapona, dada?

— Inshallah, tumewahi. Ila nisaidieni: sikukuu alikula nini?

— Kwangu ugali na dagaa, alisema Stefano. — Sisi hatukuchinja. Na hawa wenzangu hata hawamsogelei, wanasema ananuka.

Grace akawageukia wale watatu. Profesa aliangalia ndani ya kikombe. Redio, kwa mara ya kwanza, alizimika. Ismaili akapangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

Profesa akakohoa. Kamanda, aliyezoea kubwekea kila mtu, akainua kichwa kwa taabu, akamtikisia mkia. Kisha akamtikisia Redio. Kisha Ismaili.

Stefano akawatazama mmoja mmoja.

— Tangu lini mbwa wangu anawajua hivi?

Ismaili akainamisha dele amwongezee Profesa kahawa, halikutoka hata tone.