Bia Iliyokuwa Inakufa Kwenye Glasi Zangu

Wamama wenzangu wa likelemba, mchezo wetu huu wa kupeana pesa kwa zamu, asante kwa kunipa nafasi. Mnanijua kwa kelele, na aliyeniomba nisimame hapa alinisihi niseme polepole. Nitajaribu. Lakini jambo lenyewe halikunijia polepole, kwa hiyo nikipandisha sauti mtanivumilia.

Nganda yangu mnaijua, hapa hapa Lubunga. Meza chache uani, bia baridi, samaki wa mawese na chikwanga. Niliifungua baada ya baba watoto kufariki. Familia yake waliniachia parsele, kiwanja na nyumba yake, lakini shemeji yangu, kaka yake mkubwa, aliniambia wazi siku ya kuondoa matanga: nitakaa pale na watoto mradi nisichafue jina lao. Neno lile nililibeba kifuani. Nilikuwa naogopa hata kucheka sana na mteja.

Bon. Shida ilianza na povu. Jirani yetu mmoja, dereva wa lori anayekwenda njia ya Bafwasende, alijimiminia bia, povu likapanda kidogo, likafa. Bia ikabaki imetulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Akainyanyua juu, akaitazama, akasema, "Mama, bia yako iko nakufa." Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kesho yake ikafa tena, na kwa mteja mwingine pia.

Nikahama depo, nikanunua bia kwingine. Ikafa vile vile. Basi nikasema ni uchafu, nikaanza kusugua. Wamama, nilisugua zile glasi kama mtu anayelipiza kisasi. Sabuni ya mawese, bila huruma, ndani ya beseni langu kubwa, kisha nazipangusa kwa kitambaa changu cha begani mpaka zing'ae. Zikang'aa kweli. Na kadiri zilivyong'aa, ndivyo bia ilivyozidi kufa. Hapo ndipo nikaanza kuogopa vyombo vyangu mwenyewe.

Sasa nyie mnajua desturi yetu. Hakuna anayekubali chupa iliyofunguliwa nyuma ya mgongo wake. Unamletea imefungwa, unaifungua mbele ya macho yake, na akisimama kidogo anairudishia kizibo. Ni kwa ajili ya sumu, tusifichane. Siku zote niliona desturi hiyo inanilinda na mimi. Kumbe ndiyo iliyonigeuka. Watu wakasema: chupa tuliiona ikifunguliwa, bia haina kosa. Basi dawa iko kwenye glasi. Na glasi ni za nani?

Meza zikaanza kubaki tupu. Wengine walihamia ng'ambo ya barabara, kwa mama mwingine mwenye nganda. Mimi na yeye tulikuwa tumeacha kusalimiana kitambo kwa sababu ya wateja, na nawaambia ukweli, moyoni nilikuwa nimeshamhukumu: maneno haya ni yeye anayeyapika.

Kisha yule dereva akaugua. Alikunywa kwangu Jumamosi, Jumapili akaamka anatetemeka, hajui hata jina la mke wake. Mchana ule ule uani kwangu kukajaa watu. Mke wake alikuja analia, mkubwa wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, akaja, na shemeji yangu naye akaja. Huyo hakuniuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kuwatoa watoto wangu ndani ya nyumba, akawasimamisha kando ya ukuta, kisha akaniambia nikusanye vitu. Ndugu zangu, nilijua jina nitakalotoka nalo pale, na nilijua kwamba jina lile watoto wangu wangelirithi.

Mkubwa wa avenue akasema nipewe nafasi. Ninywe kwa glasi yangu mwenyewe, watu waone. Chupa ikafunguliwa mbele ya wote, nikamiminiwa. Povu likapanda. Likafa. Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Nikanywa hivyo hivyo, mpaka tone la mwisho, nikaiweka glasi chini.

Mtu mmoja akasema, "Yeye hawezi kufa. Mwenye dawa iko na kinga yake."

Mmesikia? Nisingekunywa, mimi ni muuaji. Nimekunywa, mimi ni mchawi. Nikaanza kulia, mimi mwenye kelele.

Ndipo watu wakapisha, akaingia yule mama wa ng'ambo. Nikajisemea, amekuja kunimalizia. Aliiokota glasi yangu, akaipitisha puani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ninaosha glasi wapi. Nikamwonyesha beseni. Akauliza sahani za samaki naosha wapi. Beseni lile lile. Akauliza nazipangusa kwa kitu gani. Nikamwonyesha kitambaa cha begani, kile kile ninachoinulia sufuria ya mawese.

Aliomba chumvi na ndoo ya maji safi. Akaisugua glasi ile ile kwa chumvi, akaisuuza, akaisuuza tena, hakuipangusa, akaikung'uta maji tu. Mkubwa wa avenue akamimina kutoka chupa ile ile. Povu likapanda, likakaa. Jeupe, nene, limekaa. Kisha akachovya kidole kwenye sufuria yangu ya samaki, akakipitisha mdomoni mwa glasi. Wakamimina tena, likafa machoni petu.

Akawaambia, "Dawa yenyewe njo hii mawese. Munakulaka kila siku. Mugonjwa mumupeleke ku hospitali, muache mama wa watu."

Wakampeleka. Malaria. Ilikuwa imempanda kichwani, lakini alipona, na siku alipopata nguvu alikuja mwenyewe kukaa kwenye meza yangu, barabara nzima wakimwona. Shemeji aliondoka siku ile bila kuaga. Watoto wakarudi ndani.

Kwa nyie mnaokunywesha watu nyumbani: glasi ziwe na beseni lake, zisikutane na mafuta. Sabuni kidogo, maji mengi. Msizipanguse, mziinamishe zikauke kwa hewa, mbali na moshi wa samaki. Na mwenye kupaka midomo rangi, iosheni glasi yake mara mbili, sisemi nani.

Mkubwa wa avenue nakushukuru kwa ile nafasi. Nanyi likelemba, mlionipitisha mbele ya zamu yangu ili nianze tena, Mungu awazidishie.

Lakini yule mama. Jioni ile nilivuka barabara nikamuuliza kwa nini alikuja, na hatukuwa hata na salamu. Alikuwa anapanga viti vyake. Akaniambia hapa siyo kwao, na kwamba sanaa ya glasi alijifunza kwa kuosha vyombo hotelini, akiwa ameshafukuzwa kwa mumewe. Kisha akasema, "Miye pia waliniambia nikunywe mbele ya watu. Nikakunywa. Wamama wenzangu wote walikuwa pale, hakuna hata moja aliingia."

Ndugu zangu, ukisikia watu wamejaa uani kwa mwenzako, usisimame ukutani kutazama. Ingia. Hata kama hamsalimiani, ingia.

Mama, uko umeketi hapa, jina lako sitalitaja. Uliingia. Asante.