Madam Mideva na Simu Zinazojifanya Kubwa

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Madam Mideva anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu kazini. Yaani alipoingia hapa Industrial Area, baadhi yetu tulikuwa bado tunavaa nepi. Alianzia mapokezi, akipokea simu na kuandika majina ya vibarua waliotafuta zamu viwandani. Kampuni ilipofungua tovuti ya zamu, alijifundisha kuandika programu wakati wa lanchi, na jamani, akatupita hata sisi tuliosomea.

Kazi iliyompa sifa ni kuzitambua simu. Simu yoyote ikifungua tovuti yetu, kivinjari chake hujitambulisha kwanza. Programu ya Madam husoma utambulisho huo na kuiweka simu kwenye kundi lake: kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe, hupewa ukurasa mwepesi wa maandishi matupu, simu janja hupewa ule wenye picha na ramani. Kibarua hubonyeza zamu, kesho yake anaingia kazini.

Mwanzoni mambo hayakuwa shwari. Mwaka 2014 Kyalo, kibarua wa Mathare, alitembea kwa miguu hadi ofisini, amefura kweli kweli. Alikuwa amekosa zamu siku tatu mfululizo kwa sababu ukurasa ulikuwa ukikwama. Sisi tulimwambia anunue simu nyingine. Aibu yetu! Madam aliichukua ile simu, akaichunguza, akacheka mpaka machozi. Ilikuwa kabambe ya kununuliwa mtaani Kware, lakini ilijitambulisha kwa jina la simu ya bei kali, na programu ikaamini maringo hayo ikaipa ukurasa mzito. Madam alimwomba Kyalo msamaha mbele yetu sote, akasema kosa ni lake. Tangu hapo programu haiamini jina pekee. Hupima kwanza simu inaweza kufanya nini. Na kila Alhamisi Madam alienda Kware kwa mafundi wa simu, akafungua tovuti yetu kwenye simu zilizoletwa kutengenezwa, hata zenye vioo vilivyopasuka.

Basi Desemba iliyopita bosi wetu, Bwana Nyamai, alitangaza kwamba ukurasa mwepesi utafungwa, eti siku hizi kila mtu ana simu janja. Madam, ambaye hatukuwahi kumsikia akipandisha sauti, siku hiyo aliipandisha. Alisema watu mia nne bado huutumia kila wiki, na wakiupoteza watarudi kusimama getini mwa viwanda alfajiri. Kisha akamwomba bosi ashike kabambe asubuhi moja tu, aombe zamu kwa ukurasa mzito kama kibarua. Bwana Nyamai alikubali, tena kwa madaha. Alijaribu mara tisa. Ukurasa ulipofunguka, nafasi zote zilikuwa zimejaa. Tulimcheka, naye akajicheka. Siku hiyo hiyo alitia sahihi kwamba ukurasa unabaki, na Nduta, mwenzetu wa hapa ofisini, ndiye atakayeutunza. Madam alilia kwa furaha, nasi tukamfuata.

Madam, asante sana. Nenda Vihiga ukawafurahie wajukuu, ule mboga yako ya mrenda kwa utulivu, na Mungu akupe afya tele. Jumatatu asubuhi watu mia nne wataanza tena kuomba zamu zao kwa simu zao ndogo, wengi wao wasijue ni nani aliyewapigania. Sisi tunamjua.